Vizibo vya drafti na pembetatu ya Pascal: kwa nini napata 1, 2, 4, 8, 16 tu na sipati 6 hata mara moja?

#1 JaSteji_Kondele (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Nina swali la hesabu na naomba tulijadili taratibu, maana siku ya tatu sasa sijalala vizuri kwa ajili yake.

Binti yangu yuko kidato cha tatu na wamefika kwenye pembetatu ya Pascal. Mnaikumbuka: juu kabisa kuna 1, chini yake 1 1, halafu 1 2 1, halafu 1 3 3 1. Kila nambari ni jumla ya mbili zilizo juu yake, na pembeni huwa 1 daima. Juzi mvua ya alasiri ilitukamata hapa stejini, abiria hakuna, tukajibanza chini ya mabati pale tunapochezea drafti. Nikaanza kuipanga ile pembetatu kwa vizibo vya soda. Nambari zenyewe sikuzitaka kwa sababu zinakua haraka mno, nilitaka tu kujua ipi ni witiri na ipi ni shufwa. Witiri nikaweka kizibo chali, shufwa nikaweka kifudifudi, rangi ikiwa juu.

Utamu wake ni kwamba huna haja ya kujumlisha chochote. Witiri na witiri huzaa shufwa, shufwa na shufwa huzaa shufwa, witiri na shufwa huzaa witiri. Kwa hiyo unatazama vizibo viwili vya juu: vikifanana, weka kifudifudi, vikitofautiana, weka chali. Pembeni weka chali kila mara. Sheria ni hiyo tu, hata mtoto wa chekechea anaiweza. Vizibo vya drafti ni 24, vikaniishia katikati ya safu ya saba, lakini mama wa kibanda cha jirani akanipa mfuko mzima. Nikafika safu 16, ambazo ni vizibo 136.

Halafu nikahesabu vilivyolala chali kwenye kila safu. Ile ya juu yenye kizibo kimoja naiita safu ya 0, ndivyo wanavyofanya darasani kwa binti. Nilipata hivi:

Safu ya 0 hadi ya 7: 1, 2, 2, 4, 2, 4, 4, 8
Safu ya 8 hadi ya 15: 2, 4, 4, 8, 4, 8, 8, 16

Mnaona? Hakuna 3, hakuna 5, hakuna 6, hakuna 12. Ni 1 na kurudufishwa kwake tu. Na tena haziendi zikipanda: safu ya 7 ina 8, halafu ya 8 inaporomoka hadi 2. Nani anapanga haya? Mimi nimeweka vizibo kwa ile sheria moja tu.

#2 MfumajiLanet (Nakuru)

Ndugu wa Kondele, mimi si mtu wa hesabu, lakini hiyo picha naijua kwa vidole.

Nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Mwaka juzi nilifuma shela ya pembetatu ya rangi mbili, damu ya mzee na nyeupe, kwa sheria hiyohiyo yako: vishimo viwili vya juu vikiwa rangi moja, cha chini kiwe cheupe, vikiwa rangi tofauti, kiwe damu ya mzee. Niliianza kama mchezo, nione itaishia wapi.

Nilipofika safu unayoiita ya 16 nilidhani nimeharibu kazi. Safu iliyotangulia ilikuwa damu ya mzee mwanzo hadi mwisho, vishimo 16 vyote. Sasa hii mpya ikawa na vishimo viwili tu vya rangi, kimoja kila pembe, na katikati vyeupe 15 mfululizo. Nikataka kufumua. Mkono ukakataa, nikaendelea.

Nikaona jambo hili. Ile pembe ya kushoto ilianza kuota pembetatu yake, safu kwa safu, sawasawa kabisa na ile niliyoanzia juu. Pembe ya kulia nayo vilevile. Kila moja ilikwenda kivyake kana kwamba mwenzake hayupo, kwa kuwa katikati yao ni weupe mtupu na weupe hauzai rangi. Zilikutana safu ya 31, zikajaa bila pengo. Baina yao likabaki tundu jeupe la pembetatu lililogeuka kichwa chini.

Kwa hiyo kuanzia safu ya 16 hadi ya 31 unachokiona ni kile cha safu ya 0 hadi ya 15, mara mbili, kimoja kushoto kimoja kulia. Ukinihesabia vya safu ya 5, mimi nakwambia vya safu ya 21 bila kufuma: zidisha kwa 2.

#3 MwalimuKakamega

Mulembe wote. Nimefundisha mada hii miaka mingi na sijawahi kuiona ikielezwa vizuri kuliko alivyoieleza mama wa Lanet. Alichosema ni uthibitisho karibu mzima, umebaki uzi mmoja tu wa kufunga.

Swali la kujiuliza ni hili: tunajuaje kwamba safu ya 16 ni lazima iwe tupu katikati? Kwa sababu safu ya 15 yote ni chali, na vizibo vinavyofanana huzaa kifudifudi. Na kwa nini safu ya 15 yote ni chali? Kwa sababu ni nakala mbili za safu ya 7 zilizokaa bega kwa bega, na safu ya 7 yote ni chali: 8 kushoto, 8 kulia, jumla 16, nafasi 16, hakuna pengo. Safu ya 7 nayo ni nakala mbili za safu ya 3, ya 3 ni nakala mbili za safu ya 1. Ngazi hii ukiipanda badala ya kuishuka inakwenda bila kikomo: 31, 63, 127 zote zitajaa, na 32, 64, 128 zote zitakuwa na pembe mbili tu.

Sasa tumjibu JaSteji. Chukua safu ya 13. Kipeo kikubwa cha 2 kinachoingia ndani ya 13 ni 8, na 13 ni 8 na 5. Kwa hiyo safu ya 13 ni safu ya 5 mara mbili. 5 ni 4 na 1, kwa hiyo safu ya 5 ni safu ya 1 mara mbili. 1 ni 1 na 0, kwa hiyo safu ya 1 ni safu ya 0 mara mbili, na safu ya 0 ina kizibo kimoja. Umerudufisha mara tatu: 2, 4, 8. Safu ya 13 ina witiri 8.

Umerudufisha mara tatu kwa kuwa 13 imejengwa kwa vipande vitatu: 8, 4 na 1. Huko ndiko kuiandika 13 kwa baineri, yaani kwa tarakimu 0 na 1 peke yake: 1101. Jumlisha tarakimu: 1+1+0+1 ni 3. Idadi ya witiri ni 2 iliyopandishwa kipeo cha 3.

Kanuni yote ni hiyo. Andika nambari ya safu kwa baineri, jumlisha tarakimu zake, ifanye jumla hiyo kuwa kipeo cha 2. Safu ya 7 ni 111, jumla 3, witiri 8. Safu ya 8 ni 1000, jumla 1, witiri 2. Ndiyo maana inaporomoka, ndugu yangu: 7 ina vipande vitatu (4, 2, 1) na 8 ina kipande kimoja tu. Nambari kuwa kubwa hakuipi vipande vingi.

Kanuni hii ya kuhesabu witiri ilitolewa na Glaisher, Mwingereza wa Cambridge, mwaka 1899. Pembetatu yenyewe ni ya kale zaidi ya jina lake. Kitabu cha Pascal kuihusu kilichapishwa mwaka 1665, miaka mitatu baada ya kifo chake, lakini Yang Hui wa China aliichora mwaka 1261 na akasema wazi kwamba ameipata kwa Jia Xian aliyemtangulia.

#4 Kijana_Bondeni (Nakuru)

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi nimeipanga usiku huu mezani na haikubali. Safu ya 0 hadi ya 11 nimepata sawasawa na za JaSteji. Lakini safu ya 13 nina 6, ya 14 nina 6, na ya 15 nina 12. Nimehesabu mara tatu. Sheria nimeifuata.

#5 JaSteji_Kondele

Na safu ya 12?

#6 Kijana_Bondeni

Stima imepotea mtaani. Nimesogeza mishumaa, ngoja.

#7 MfumajiLanet

Wakati anahesabu, niseme kitu kuhusu makosa, kwa sababu yamenifundisha mengi kuliko kazi safi.

Kwenye kitambaa cha kawaida ukikosea kishimo kimoja, kinabaki doa moja. Kwenye hiki sivyo. Niliwahi kuweka kishimo kimoja cheupe pahali pa damu ya mzee, nikagundua safu 8 baadaye. Nikakifuma kitambaa safi kando na kuvilinganisha kishimo kwa kishimo. Vilivyotofautiana vilikuwa hivi: safu ya kosa, kimoja, safu iliyofuata, viwili vilivyopakana, iliyofuata, viwili vyenye kimoja kizima katikati, iliyofuata, vinne mfululizo. Mnaitambua? Ni pembetatu ileile! Kosa moja linaota pembetatu yake chini yake, na inapopita juu ya ile ya kweli, kila inapogusa inageuza: chali inakuwa kifudifudi, kifudifudi inakuwa chali.

#8 JaSteji_Kondele

Mama, nimeshuka kwenye pikipiki kusoma ujumbe wako na nimerudi mezani kuujaribu.

Kijana wa Bondeni, nadhani nimelipata kosa lako kutoka huku Kisumu. Nimechukua mpangilio wangu safi, nikageuza kizibo kimoja cha safu ya 12 na kuacha mengine yafuate sheria. Safu ya 12 iliyo sahihi ina chali 4 tu, nafasi ya 0, ya 4, ya 8 na ya 12 (pembe ya kushoto naihesabu kuwa nafasi ya 0). Nilipogeuza cha nafasi ya 4 kikalala kifudifudi, safu ya 13 ilipoteza viwili jirani, nafasi ya 4 na ya 5, ikabaki na 6. Safu ya 14 ilipoteza nafasi ya 4 na ya 6, ikabaki na 6. Safu ya 15 ilipoteza vinne mfululizo, 16 ikawa 12. Ni 6, 6, 12 zako kabisa!

Nikajaribu na nafasi ya 8, jibu likawa hilohilo. Nikageuza nafasi ya 3 ambayo ilikuwa kifudifudi, safu ya 13 ikabaki na 8, si wewe. Nafasi ya 2 ikanipa 10. Pembeni hukosei kwa sababu pembeni ni chali daima. Kwa hiyo tazama safu ya 12, nafasi ya 4 au ya 8. Hapo una chali 3 badala ya 4.

#9 Kijana_Bondeni

Nafasi ya 8. Meza yangu ina ufa, kizibo kilikuwa kimekaa ubavu juu ya ufa na mimi nikakisoma kifudifudi. Nimekilaza chali na kupanga upya kutoka hapo: 4, 8, 8, 16.

Mtu aliye Kisumu amenionyesha kizibo kilichokosewa kwenye meza yangu ya Nakuru kwa nambari tatu tu. Nimekaa gizani hapa natabasamu peke yangu.

#10 NyarDunga (Kisumu)

Nimewasoma tangu mwanzo na sasa naingia. Mwalimu ametueleza witiri ni *ngapi*. JaSteji kwenye #8 amegusa swali la pili bila kulitaja: ni nafasi *zipi*? Kwa nini safu ya 12 ni 0, 4, 8, 12 na si nyinginezo?

Omera JaSteji, steji yenu ina waendeshaji wangapi?

#11 JaSteji_Kondele

Tukiwa wote, 13.

#12 NyarDunga

Vizuri mno. Nambari iliyo safu ya 13, nafasi ya 5, ni idadi ya njia za kuchagua watu 5 kati ya 13. Ni 1,287. Nataka kuonyesha kwamba ni witiri bila kuihesabu.

Wapange wenzako kwa vipande vya Mwalimu: 8 wasimame duara, 4 wasimame duara lao, mmoja asimame peke yake. Chagua watu 5 wowote na uwavishe reflekta. Sasa waambie wa duara la 8 tu: kila aliyevaa avue na ampe wa kulia kwake. Reflekta bado ni 5, lakini waliovaa wamebadilika, kwa hiyo huu ni uchaguzi mwingine. Rudieni tena na tena. Baada ya hatua 8 mtakuwa mmerudi mlipoanzia. Pengine mtarudi mapema zaidi, baada ya 4 au 2, kama waliovaa wamepangana kwa mpigo sawa. Lakini kurudi baada ya hatua moja kunawezekana kwa namna mbili pekee: wote 8 wamevaa au hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo kila uchaguzi ambao duara la 8 limechanganyika unaingia kwenye fungu la chaguzi 2, 4 au 8. Mafungu yote hayo ni shufwa. Yaweke kando. Zilizobaki ni zile ambazo duara la 8 limevaa lote au limeacha lote. Lifanyie duara la 4 vivyo hivyo: mafungu ya 2 au 4, yaweke kando. Mwisho wanabaki wale wa vipande vizima: 8 wote au hapana, 4 wote au hapana, yule mmoja au hapana.

Reflekta ni 5. Kwa vipande vizima vya 8, 4 na 1, unaipata 5 kwa njia moja tu: 4 na 1. Basi 1,287 ni mafungu ya shufwa na uchaguzi mmoja uliobaki. Witiri.

Wangekuwa 6? Kwa 8, 4 na 1 huwezi kuunda 6. Hakuna kinachobaki, kwa hiyo idadi ni shufwa, na kweli ni 1,716. Na jumla zote unazoweza kuunda ni 0, 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13. Hizo ndizo nafasi za chali za safu ya 13. Nane, kama kanuni ilivyosema, kwa sababu kila kipande kati ya vitatu kina kauli mbili: naingia au siingii.

Aliyeandika kanuni ya nafasi hizi, tena kwa nambari tasa yoyote na si 2 peke yake, ni Mfaransa Édouard Lucas, mwaka 1878. Kwenye programu mimi huipima kwa mstari mmoja: kila pahali penye 1 kwenye baineri ya nafasi, lazima pawe na 1 kwenye baineri ya safu. Pakikosekana hata pamoja, ni shufwa.

#13 MfumajiLanet

Binti, nimeisoma mara mbili na nimeielewa, asante. Ila kitu kimoja kinanisumbua. Kwa nini usiwaweke 13 wote duara moja? Au duara la 6 na la 7? Kwa nini lazima 8, 4 na 1?

#14 NyarDunga

Mama, hapo ndipo penye moyo wa jambo. Chukua duara la 6 na uwavishe wawili wanaotazamana. Zungusha hatua 3, wamerudi palepale. Fungu lao lina chaguzi 3, ambayo ni witiri, na hesabu yangu ya kuweka kando mafungu ya shufwa imeharibika. Idadi ya hatua za kurudi lazima iigawe idadi ya watu wa duara bila baki. Kwa 6, vigawanyo ni 1, 2, 3, 6, na ile 3 inaleta shida. Kwa 8 ni 1, 2, 4, 8: ukiitoa 1, zote ni shufwa. Ni vipeo vya 2 pekee vyenye tabia hiyo. Ndiyo maana jibu linaongea kibaineri hata kama aliyeuliza hakuijua baineri.

#15 MzeeWebuye

Vijana, salaam. Nilikuwa mtu wa vitabu vya hesabu kazini miaka yote kabla ya kustaafu, na kujumlisha safu ndefu ndiko kulikonilisha. Naomba kuongeza la kwangu, kwa sababu mmezungumza chali na kifudifudi, lakini vifudifudi havilingani. 78 ni shufwa, 1,716 ni shufwa, ila ya pili inagawanyika kwa 2 mara mbili na ya kwanza mara moja tu. Hilo nalo lina kanuni yake, nayo ni kubeba.

Ile nafasi ya 6 ya safu ya 13 inagawa watu 13 kuwa 6 na 7. Jumlisha 6 na 7 kwa baineri kama tulivyojumlisha shuleni, kutoka kulia:

0110
0111
1101

Kulia kabisa 0 na 1 ni 1. Inayofuata 1 na 1 ni 2, unaandika 0 unabeba 1. Inayofuata 1 na 1 na ile uliyobeba ni 3, unaandika 1 unabeba 1. Mwisho ile uliyobeba unaiandika. Umebeba mara mbili. Na 1,716 ni 4 mara 429: inagawanyika kwa 2 mara mbili haswa, kisha inagota kwenye witiri.

Jaribu nafasi ya 2: watu 2 na 11. 0010 na 1011. Utabeba mara moja tu. Na 78 ni 2 mara 39. Jaribu nafasi ya 5: watu 5 na 8, 0101 na 1000. Hakuna kubeba hata mara moja, na 1,287 ni witiri.

Ernst Kummer wa Ujerumani alilithibitisha hili mwaka 1852, nalo linafaa kwa kila nambari tasa, sharti ujumlishe kwa mfumo wa nambari hiyo. Mimi nilipolijua nilikuwa tayari mtu mzima, na nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa kwamba kalamu aliyoishika miaka 30 ina wino wa rangi ya pili. Kubeba nilikuwa nakuhesabu kuwa usumbufu.

Utamu mmoja zaidi, kisha nikapumzike. Nambari ya katikati kabisa ya safu ya shufwa, tuseme safu ya 10, inagawa 10 kuwa 5 na 5. Ukijumlisha nambari na yenyewe, kila 1 inakutana na 1 mwenzake na kubeba, na penye 0 hapabebi. Kwa hiyo idadi ya kubeba ni jumla ya tarakimu za baineri za 5, yaani 101, yaani 2. Na katikati ya safu ya 10 kuna 252, ambayo ni 4 mara 63.

#16 Kijana_Bondeni

Mzee, nimefanya ya safu ya 6: katikati kuna 20. 3 ni 11 kwa baineri, jumla 2, na 20 ni 4 mara 5. Imekubali.

Swali langu la mwisho. Kwenye meza yangu chali ni nyingi kuliko kifudifudi. Nikiendelea itakuwa hivyo daima?

#17 MwalimuKakamega

Hapana, na hili huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Rudi kwenye shela ya Lanet. Ukirudufisha idadi ya safu, unapata nakala tatu za pembetatu uliyokuwa nayo: moja juu, mbili chini. Kwa hiyo witiri huzidishwa kwa 3. Lakini nafasi zote kwa jumla huzidishwa karibu mara 4. Tatu inashindana na nne, na nne inashinda polepole.

Safu 8 zina witiri 27 kati ya 36, robo tatu kamili. Safu 16 zina 81 kati ya 136. Safu 32 zina 243 kati ya 528, hapo tayari ziko chini ya nusu. Safu 1,024 zina 59,049 kati ya 524,800, takriban 11 katika kila 100. Endelea na weupe utameza karibu kila kitu, ingawa rangi haitaisha kamwe, na hakuna safu hata moja itakayokosa pembe zake mbili.

Umbo hilo lenye matundu ndani ya matundu ndilo alilolichunguza Wacław Sierpiński wa Poland mwaka 1915, na leo linaitwa kwa jina lake. Yeye alianza na pembetatu nzima akawa anatoboa katikati. Mama wa Lanet alianza na kishimo kimoja akawa anafuma kwenda chini. Wamefika umbo moja.

#18 MfumajiLanet

Mwalimu, nimeitoa shela kabatini na kuhesabu matundu makubwa. Safu 32, tundu moja kubwa, matatu yanayofuata, halafu tisa. Sikuwahi kuyahesabu. Mwaka huu nitafuma ya safu 64, na nimeshajua nihitaji vishimo vingapi vya damu ya mzee: 729. Zamani nilikuwa nanunua nyuzi kwa kukisia.

#19 JaSteji_Kondele

Wadau, nimewasomea uzi huu wenzangu stejini na nimemsomea binti nyumbani. Reflekta tumezivaa kweli, duara la 8 na duara la 4, mimi nikawa yule mmoja. Tulizungusha mpaka abiria wakaanza kutuuliza kuna nini.

Binti nilimpa swali bila kumwachia karatasi ya pembetatu: safu ya 100 ina witiri ngapi, na ziko wapi? Ile nambari ya katikati kabisa ya safu ya 100 ina tarakimu 30, hakuna anayeihesabu kwa mkono. Alikaa kimya, akaandika 64, 32, 4. Halafu akaandika nyuma ya daftari: 0, 4, 32, 36, 64, 68, 96, 100. Akaniambia, "Baba, ziko 8, na 93 zilizobaki ni shufwa."

Kizibo cha soda kina meno 21, nimeyahesabu nikimsubiri. Vipande vyake ni 16, 4 na 1. Jumamosi tunapanga safu 32 kwenye sakafu ya kibanda. Vinahitajika vizibo 528, ninavyo 310. Aliye Kondele au Kibuye mwenye mfuko aje nao.